Mbwa Aliyejua Saa ya Foni

Siku yangu ya kwanza kazini, Chef, yaani mkuu wa kituo cha Mahagi, alinikalisha mbele ya foni na kuniambia nisiiguse. Ninyi vijana mnatembea na simu mfukoni, kwa hiyo acheni nieleze. Foni ilikuwa redio ya kusemea, ukubwa wake kama katoni ya sabuni, inayokula umeme wa betri ya gari. Waya mrefu, ndio antena, ulitandazwa juu kati ya miti miwili. Ukibonyeza kidude cha kusemea, unasikika Kisangani, Beni, hata ng'ambo Kampala. Ukikiachia, ni zamu yako ya kusikiliza, kwa sababu watu wawili hawawezi kusema mara moja. Ukimaliza maneno yako unasema "parlez", mwenzako ajue zamu ni yake, na mwisho kabisa mnasema "terminé". Siku ile nilisikiliza tu hadi jioni. Chef akaniuliza nimejifunza nini. Nikamjibu nimejifunza kunyamaza.

"Basi weye utakuwa opereta," akasema. "Kesho urudie."

Jambo kubwa la kazi yetu lilikuwa vakasio, yaani ile saa mliyopatana na kituo kingine kuwa mtaitana. Chef hakuwa mkali kwa mengine, lakini kwa vakasio alikuwa mkali kama askari. Alisema ukikosa vakasio, mwenzako anabaki pale akikuita, anaita tena, anageuza kitufe akidhani kosa ni lake, na hawezi kujua kama umelala au umekufa. Baadaye nilihamishwa Mongbwalu, kwa wachimba dhahabu waliokuja na matope miguuni kutuma salamu kwa wake zao. Chef wa kule alipenda pombe, lakini kwenye vakasio hakuchelewa hata akiwa hajui jina lake vizuri. Mwisho nikaletwa Bunia, kwa Bwana Gérant, aliyesimamia nyumba yetu ya kupeleka mizigo na habari. Ofisi ilikuwa chumba cha mbele, mimi na mke wangu Mama Berocan tukaishi vyumba vya nyuma, na jiko lilikuwa kibanda cha bati uani. Vakasio yetu kubwa ilikuwa saa nne asubuhi.

Mimi ni mtu mwoga. Ninasema mapema ili msije mkangoja ushujaa katika habari hii. Nikiwa mtoto mbwa aliniuma paja, na tangu pale nikiona mbwa nilikuwa nahama upande wa barabara. Kwa hiyo wezi walipovunja kufuli ya ofisi na kubeba betri, na Bwana Gérant akaja na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu cha nyanya, sikufurahi.

"Bwana Gérant, mimi naogopaka mbwa."

"Huyu iko mutoto. Mutakomaa pamoja."

Alikuwa wa rangi ya udongo wa barabara zetu, masikio yamesimama, tumbo limejaa minyoo. Usiku alilia hadi Mama Berocan akaniuliza kama nimezaa bila kumwambia. Alikojoa kwenye viatu vya wateja. Alitafuna kebo ya antena, na siku hiyo Bunia nzima ilikuwa bubu kwa sababu yake. Mchana alizunguka uani akinusa ndoo, kuni na miguu ya wageni, kila kitu akikikagua kama kapita, msimamizi wa shamba la kahawa, na ndiyo maana mke wangu akamwita Kapita. Mimi nilikuwa nikimsogezea chakula kwa ufagio, nimesimama mbali.

Bwana Gérant aliona ule ufagio akacheka, kisha akanifundisha. Alikuwa amefuga mbwa wa kuwinda kwao.

"Mbwa iko sawa opereta," alisema. "Mupatie saa yake, pahali yake na alama yake. Usibadilishe hata kimoja. Hapo atakusikia."

Nikashika hayo kama nilivyoshika sheria za foni. Kila siku baada ya kusema "terminé" niligonga sahani yake ya bati mara mbili kwa kijiko, nikaiweka chini ya meza ya foni, kando ya gunia alilolalia. Akila, namtoa nje mara moja ajisaidie, na akifanya vizuri namsifu. Akitafuna kebo namnyima maneno, namgeuzia mgongo. Polepole akaelewa, na mimi pia nikaelewa. Siku moja nilikuta mkono wangu uko kichwani pake na sikukumbuka nimeuweka lini. Ikifika saa nne, jua likigusa kizingiti, Kapita alikuwa tayari chini ya meza kabla yangu, amekaa wima, anaitazama foni. Wateja walisema nyumba ina opereta wawili, na yule wa pili hakosi adabu.

Halafu vita vikaingia mjini. Sitaeleza nani alikuwa upande gani. Mji ulichukuliwa na hawa, ukachukuliwa na wale, na kila waliokuja walituuliza swali lile lile: mnaongea na nani kwenye foni? Sisi watu wa Mahagi hatukuwa adui wa yeyote, lakini mwenye foni alikuwa adui wa wote. Bwana Gérant akapata nafasi kwenye ndege ya Beni. Mlangoni aliniambia, "Chunga mashini. Lakini ukiona hatari, achana nayo." Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na begi mkononi.

Tangazo lilipopita kwamba kila foni ipelekwe kwa wapiganaji, opereta wa mtaa wa jirani alibeba yake mwenyewe, mchana, watu wakimwona. Walimwuliza alikuwa akisema na nani. Hakurudi. Basi kuipeleka ilikuwa kifo, na kukutwa nayo ilikuwa kifo pia. Tulingoja mvua kubwa ipige bati ili jirani asisikie jembe, tukachimba jikoni. Tuliifunga foni kwa plastiki, na kwa kuwa plastiki haikutosha nikachukua gunia la Kapita nikalizungushia. Juu tukaweka udongo, juu ya udongo mfuko wa makaa. Antena tuliishusha tukaifanya kamba ya kuanikia nguo.

Kesho yake nilikuwa uani napasua kuni. Jirani yetu Mama Anna, mjane mzee mwenye miguu mibaya, alikuja kuomba moto. Akasimama mlangoni mwa jiko.

"Papa Berocan, huyu Kapita anangojea nini pale?"

Nilichungulia. Mbwa alikuwa amekaa wima mbele ya mfuko wa makaa, masikio juu, anautazama. Ilikuwa saa nne, jua limegusa kizingiti cha jiko. Niliweka shoka chini. Nilimwambia Mama Anna kuna panya.

Siku iliyofuata alikaa pale tena, na iliyofuata pia. Gunia lake lilikuwa chini, saa yake ilikuwa ile ile, na mimi ndiye niliyemfundisha asikose. Nilimfungia chumbani, akalia hadi watu wa barabarani wakageuka. Nilimfunga kwenye mti, akavuta kuelekea jikoni, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Mama Berocan hakulala tena vizuri.

"Tumupatie mutu," alisema.

"Nani atamukubali? Watu hawana chakula yao wenyewe."

Akasema kwa sauti ndogo, "Basi tumuue."

Nilichukua kamba. Kapita alipoiona alidhani tunakwenda kutembea, akanirukia kwa furaha na kuinyoosha shingo mwenyewe. Nilirudisha kamba msumarini. Mke wangu aliona, hakunigombeza. Alisema tu, "Kama unamupenda, mufundishe upya. Lakini haraka."

Nikaanza upya. Nilimlisha jioni, langoni, bila kugonga sahani, kwa kumwita tu. Alikuja, alikula, alielewa. Lakini kila saa nne alipita kwanza jikoni, akautazama mfuko wa makaa kitambo, ndipo akaja langoni kulala. Kile kitambo kilikuwa kikifupika. Nilihesabu kwamba nikipewa muda kidogo, kitaisha.

Sikupewa. Asubuhi moja wapiganaji walisukuma lango bila kubisha. Mbele alikuwa Komanda wao, mtu mfupi mwenye sauti ya upole. Wenzake walipindua vitanda, wakatoboa magodoro, wakamwaga unga wetu.

"Opereta iko nani?"

"Ni mimi."

"Foni iko wapi?"

"Bwana Gérant alienda nayo Beni."

"Tukiikuta hapa, unajua."

"Najua, Komanda."

Walinikalisha chini uani, mikono kichwani. Mama Berocan alikuwa mlangoni mwa jiko, sufuria ya ndagala, wale samaki wadogo, ikichemka nyuma yake. Nilikuwa nikitazama jua linavyotembea kwenye udongo kuelekea kizingiti. Sijawahi kuogopa jua namna ile. Lilipogusa, Kapita akainuka kutoka langoni, akajinyoosha, akapita kati ya buti zao, akaingia jikoni. Akakaa wima mbele ya mfuko wa makaa.

Komanda alimfuata kwa macho. Akaja hadi mlangoni.

"Mbwa yenu anaangalia nini pale?"

Mama Berocan ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoshwa na kazi za nyumba.

"Anaangalia njaa yake. Ni pale anakuliaka."

Akachukua sahani ya bati, akaimwagia ndagala wetu wote, na mchuzi wake. Kisha mke wangu, ambaye hakuwahi kumlisha mbwa yule hata mara moja, aligonga sahani mara mbili kwa kijiko. Kapita aligeuka. Alikuwa hajasikia mlio ule tangu tuzike foni. Alikula mkia ukipiga mfuko wa makaa, akaramba sahani hadi ikasogea. Komanda alitazama mpaka mwisho, na mimi nilikuwa ninajikojolea pale chini, nasema bila aibu.

"Amesoma kabisa," Komanda akasema. "Nani alimufundisha?"

"Mimi."

"Basi huyu tunaenda naye."

Wakamfunga kamba shingoni. Alipofika langoni alisimama akanitazama, akingoja nimwite. Nilitazama udongo. Walimvuta, akaenda.

Walikuwa wamepiga kambi kwenye shule ya msingi, mwisho wa barabara yetu. Mngedhani hofu iliisha, lakini hapo ndipo ilipokomaa. Kila siku saa nne tulimsikia akibweka kutoka shuleni, akivuta kamba. Mtaa mzima ulisikia mbwa, sisi wawili tu tulijua anaomba kwenda wapi. Akikata kamba angekimbia moja kwa moja hadi kwenye makaa, na mwenye kamba nyuma yake. Kuihamisha foni hatukuweza, walikuwa wakichungulia kila mzigo unaopita. Ilipofika saa nne mimi na Mama Berocan tulipiga magoti chumbani na kuomba Mungu asirudi. Mbwa niliyemfundisha kuja, nilikuwa namwombea asije. Na alipobweka nilishukuru, kwa sababu mbwa anayebweka mbali bado amefungwa.

Kisha wengine wakaja kuuchukua mji, mabomu yakaanza kuanguka. Tulikimbia na watu wote kuelekea uwanja wa ndege, walikokuwa askari wa kigeni, tukaishi kule chini ya plastiki majuma mengi. Mama Anna tulimwomba tumbebe, akakataa, akasema miguu yake imeshakimbia ya kutosha.

Tuliporudi bati za jiko zilikuwa zimeibwa, lakini mfuko wa makaa ulikuwepo, na chini yake foni ilikuwepo. Mama Anna naye alikuwa hai. Alikuja kwa fimbo yake kutusalimu, na alipokaa akasema:

"Kapita yenu alikuja."

Nikamwuliza lini.

"Ile wakati mulikuwa kule. Alikuwa na kipande ya kamba ku shingo, ameitafuna. Anakuja asubuhi, anakaa pale mbele ya makaa. Nilimuita, nilimutupia muhogo, hakutaka. Anakaa tu, kisha anaenda. Kesho tena. Kesho tena."

"Na sasa?"

"Siku moja hakuja. Sijue, Papa Berocan. Kulikuwa risasi mingi."

Mama Berocan, aliyesema tumuue, alijifunika uso kwa kitenge akalia. Mimi nilikwenda shuleni, nikazunguka vichaka, nikaita jina lake hadi watu wakanionea huruma. Kisha nikakaa jikoni nikalia pia.

Bwana Gérant alirudi amani ilipopatikana. Tulichimbua foni, ikawaka, na nikafanya kazi hadi minara ya simu ilipotunyang'anya wateja na nyumba ikafungwa. Gunia nililibakiza. Sasa mimi ni mzee wa kukaa barazani. Juzi wajukuu wameniletea mtoto wa mbwa, wakitaka niwafundishe, maana wamesikia babu yao aliwahi kufundisha mbwa hadi akajua saa. Nimewaambia wamlishe wakati wowote na pahali popote, wabadilishe kila siku. Wamedhani nimezeeka vibaya.

Kwenye sherehe ya kuniaga, nyumba ilipofungwa, Bwana Gérant alisimama mbele ya watu akasema opereta huyu, kutoka Mahagi hadi Mongbwalu hadi Bunia, hakukosa vakasio hata moja. Watu walipiga makofi. Mama Berocan alinishika mkono chini ya meza, kwa sababu yeye alijua nilizozikosa mbele ya mfuko wa makaa.