Mlea mbu anayesubiri ufadhili wake wa kwanza

Saa mbili na robo asubuhi jua la nje limeshakolea, lakini ndani ya chumba hiki ndiyo kwanza usiku unaingia. Taa zinafifia zenyewe, moja baada ya nyingine, hadi inabaki taa ndogo nyekundu juu ya mlango. Ndani ya vizimba vya chandarua vilivyopangwa rafuni, mbu elfu sita wanaamka.

Saa zao zimegeuzwa makusudi, ili watafiti wawachunguze mchana badala ya kukesha nao.

"Karibu, ila usisogee sana," anasema mwanamke mwenye koti jeupe lililochakaa mifukoni. "Umejipulizia manukato, nimeyasikia tangu ukiwa kwenye ngazi. Wanangu hawayapendi."

Anaingiza mkono kizimbani kupitia mkono wa kitambaa ulioshonewa ubavuni, anaweka mrija mdomoni, anavuta pumzi kidogo. Mbu mmoja anaingia, wa pili, wa tano. Dakika moja haijaisha, ameshakusanya majike thelathini. Kipande cha wavu katikati ya mrija kinamzuia asiwameze.

"Nimemeza wangapi tangu nianze kazi? Hilo usiliandike," anasema.

Akimaliza anautoa mkono, anakifunga kile kitambaa kwa uzi, na hapo anafanya jambo la ajabu kidogo. Anasema kwa sauti, peke yake, kama mtoto anayehesabu mbele ya mwalimu: "Fundo la kwanza. Fundo la pili." Mwandishi anacheka akidhani ni mzaha. Mwenyewe hacheki.

Maabara nzima humwita Mama Mbu. Ana miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa moja, kuzalisha mbu wa utafiti. Hawana vimelea vya ugonjwa wowote, maana wamezaliwa humu humu, kizazi baada ya kizazi. Viluwiluwi huwalisha chakula cha samaki kilichosagwa, waliokomaa huwapa maji ya sukari kwenye pamba, na majike huwapashia damu ya ng'ombe hadi ifikie joto la mwili. Zamani, kabla ya kifaa cha kupashia damu kununuliwa, alikuwa akiingiza mkono wake mwenyewe.

"Watu husema kazi inawanyonya," anasema. "Mimi ilikuwa inaninyonya kweli, na alama nilikuwa nazo."

Wiki hii mikono yake imetulia, ila moyo umegoma kutulia. Siku ya Alhamisi anatarajia majibu ya maombi ya ufadhili. Ni wa miezi minne, wa kwenda kujifunza na kufanya kazi katika taasisi kubwa ya utafiti wa wadudu, na kwa mara ya kwanza umetengwa kwa ajili ya mafundi wa maabara. Walioomba ni mia mbili na kumi na wawili. Nafasi ni sita.

"Miaka yote hii matangazo ya ufadhili yanabandikwa pale ubaoni, na mbandikaji ni mimi," anasema. "Mtafiti, mwanafunzi, mtafiti, mwanafunzi. Hili ndilo la kwanza lililosema fundi. Nilisoma, nikaenda kuchukua miwani, nikasoma tena."

Posho yake inalingana na mshahara wake wa mwaka mmoja na nusu, lakini hilo hulitaja mwisho, kwa haya. Linalomkera zaidi ni umri. Ufadhili hutolewa kila baada ya miaka miwili, na mwisho wa kuomba ni miaka hamsini na miwili. Ni safari hii au basi tena.

Fomu ilijazwa mezani nyumbani kwake, katikati ya vikombe, na binti yake wa mwisho anayesomea ualimu. Walienda vizuri hadi wakafika mahali palipoandikwa "Machapisho".

"Niliandika 'hakuna'," anasimulia binti. "Mama akaniambia, futa. Nikamwambia, Mama, si kweli kwamba huna? Akasema, mimi sina, lakini wapo watu wanayo kwa sababu yangu. Waandike hao."

Wakawaandika. Tafiti kumi na moja zilizotegemea vizimba vyake, na watu wanne waliopata shahada ya udaktari kwa kutumia mbu wake. Jina lake halimo katika hata moja. Mwishoni mwa baadhi kuna mstari wa kuwashukuru "wahudumu wa maabara", na Mama Mbu huuonyesha mstari huo kwa kidole kama mtu anayeonyesha picha ya darasa aliyosimama nyuma kabisa.

"Kuzaa nimezaa watatu," anasema, "lakini niliowalea hapa hata sijui ni wangapi."

Kilichobaki kilikuwa barua ya mdhamini. Ilitakiwa itoke kwa mwanasayansi aliyetumia kazi yake kwa karibu kuliko wote. Mama Mbu alijua fika ni nani. Alijua pia kwamba mtu huyo alikuwa na kila sababu ya kumnyima.

Ni hadithi ya miaka saba iliyopita.

Maabara ilikuwa na koo mbili za mbu, na bado inazo. Kuna wale wanaokufa mara wakiguswa na dawa ya kuulia wadudu, ambao Mama Mbu huwaita Wapole. Na kuna wale sugu, wasiokufa kwa dawa, ambao huwaita Wabishi. Utafiti mzima husimama juu ya jambo moja, kwamba Wapole na Wabishi hawachanganyiki. Wakichanganyika na kuzaana, ukipima dawa hujui tena unampima nani.

Wakati huo kulikuwa na mwanafunzi wa shahada ya pili aliyekuwa akifadhiliwa na mfuko wa utafiti. Wenzake walikuwa wakimtania kwa jina la Profesa, kwa sababu alitembea na kalamu tatu mfukoni. Alikuwa na mwezi mmoja wa kukamilisha matokeo yake. Akiyawasilisha kwa wakati, ufadhili ungeendelea hadi udaktari. Akichelewa, ungekatika.

Alasiri moja Mama Mbu alikuwa akiwahi mkutano wa wazazi shuleni kwa binti yake. Alifunga kizimba cha Wabishi kwa fundo moja badala ya mawili. Asubuhi iliyofuata akakuta fundo limelegea, kitambaa kimeachama, na mbu watatu wametulia ukutani.

"Watatu niliowaona," anasema. "Je, nisiowaona? Na kizimba cha Wapole nilikuwa nimekifungua kidogo asubuhi ile ile, kabla sijatazama ukuta."

Hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Angeweza kuwaua wale watatu, akakaza fundo, akanyamaza kimya kama maji mtungini.

"Makofi matatu tu, mwanangu. Pa, pa, pa, na ingekwisha. Nilikwishainua mikono." Anaitazama mikono yake kana kwamba bado iko juu. "Nikajiambia, haya, na yule kijana akiandika uongo bila kujua, na watu wakapuliziwa dawa isiyoua kitu kwenye nyumba zao, mtoto atakayeugua ni wa nani? Nikaishusha."

Akaenda ofisini kwa mkuu wa maabara, akakuta Profesa naye yupo, akasema yote hapo hapo, akiwa amesimama. Mkuu alishika kichwa. Siku hiyo waliangamiza mbu elfu nne, na kazi ya wiki sita ikatupwa. Wapole ilibidi waanzishwe upya kwa mayai kutoka maabara nyingine.

Profesa hakuiwahi tarehe ya mwisho. Ufadhili wake ukakatika.

"Alinipita kwenye korido kama anapita nguzo," anasema Mama Mbu. "Nilikuwa namsalimia, hanijibu. Sikumlaumu. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini nililia, nisikufiche. Nililia hadi mume wangu akaniuliza kama kuna msiba."

Siku hiyo ndipo alipoanza kuyataja mafundo kwa sauti. Kila anayefundishwa kazi katika chumba hiki naye huyataja, hata akiwa na shahada mbili, na anayeona haya huambiwa arudi akishaimaliza haya yake.

Kwa hiyo lilipofika suala la barua, Mama Mbu alikaa na namba ya simu ya Profesa siku nne. Siku ya tano binti yake alimpigia Profesa, akambandika mama yake simu sikioni.

"Nilitafuta salamu sikuipata," anasema. "Nikasema, ni mimi, yule wa mbu. Akasema, najua, Mama. Nikamweleza shida yangu. Kisha akasema, nitaandika, ila nikiandika nitaandika habari ya lile fundo."

Moyo ukamshuka. Hakuna mtu mwenye akili zake anayeomba nafasi kwa kupeleka kosa lake kubwa kuliko yote. Alikaribia kuifuta fomu yote. Aliyemzuia ni mumewe, fundi wa kurekebisha redio, mtu asiye na maneno mengi. Alimwambia tu: "Mficha uchi hazai. Peleka."

Barua ilitumwa moja kwa moja kwa wafadhili. Mpaka leo hajaisoma.

Profesa wa zamani leo ni daktari kweli, mtafiti katika chuo kingine. Kwa simu, sauti yake ni ya taratibu.

"Nilimchukia," anasema bila kuzunguka. "Mwaka mzima. Nilirudi kufundisha sekondari, na kila nikishika chaki namwona yeye na uzi wake. Nikapata ufadhili mwingine baadaye, nikaenda maabara kubwa, ya kisasa. Matokeo yao yalikuwa safi mno. Hakuna dosari hata moja miaka kumi. Nikauliza, nani anafunga vizimba hapa? Hakuna aliyejua. Niliogopa. Nikaagiza mayai kutoka kwa Mama."

Mwandishi anamuuliza kwa nini hakumwambia hayo.

"Nilidhani anajua," anasema. "Kila mwaka nilikuwa naagiza mayai kwake. Kumbe mtu hasomi moyo wako kwenye fomu ya kuagizia."

Usaili ulifanyika kwa simu mwezi uliopita. Mama Mbu alikuwa amekariri joto la chumba, unyevu, idadi ya mayai kwa kila jike. Hawakumuuliza hata kimoja. Walimuuliza jambo moja: asubuhi ile, kutoka ukutani hadi mlango wa mkuu, ni hatua ngapi?

"Nikawaambia sikuhesabu, lakini zilikuwa nyingi kuliko zilivyo," anasema. "Nikasikia mmoja wao anaandika. Nikajua nimeharibu."

Alhamisi inafika. Saa tano hakuna kitu. Saa sita hakuna kitu. Mama Mbu analisha viluwiluwi, anabadilisha pamba, anamkaripia mwanafunzi aliyeacha mlango wa kwanza wazi, kisha anamwomba radhi kwa kumkaripia mno. Saa saba na dakika kumi, yuko chumba cha chai na kikombe ambacho hajakigusa, simu inaita. Ni binti yake. Barua pepe aliyoiweka kwenye fomu ni ya binti.

"Mama, kaa chini."

"Nimekaa. Sema."

"Nisome yote au nisome mwisho?"

"We mtoto, unataka kuniua? Soma mwanzo!"

Binti anasoma. Sauti inatetemeka katika sentensi ya kwanza na inavunjika katika ya pili, na Mama Mbu anaelewa kabla hajaambiwa, maana huyo mtoto amemlea mwenyewe. Amepata. Ni mmoja wa wale sita.

Hapigi vigelegele. Anaweka simu mezani ikiwa bado inaongea, anajifunika uso kwa koti, na mabega yanatikisika. Mkuu wa maabara anatokea mlangoni, anaona, anaogopa. "Kuna nini?" anauliza. Mwanafunzi aliyekaripiwa muda mfupi uliopita ndiye anayemjibu: "Mama anasafiri."

Baadaye, macho yakiwa bado mekundu, anampigia daktari.

"Baba, uliwaandikia nini wale watu?"

Simu iko wazi, chumba kizima kinasikia. "Niliandika kwamba ulinikosesha ufadhili," anasema daktari. "Na kwamba tangu siku hiyo, katika watu wote ninaofanya nao kazi, ni wewe peke yako ambaye sihitaji kumhakiki. Hongera, Mama. Nilichelewa kukusalimia miaka saba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," anasema, na safari hii analia waziwazi, bila koti.

Atasafiri baada ya miezi miwili. Kabla ya hapo atamfundisha atakayeshika nafasi yake, na ameshaanza kuandika, kwa mkono, kwenye daftari la mistari, mwongozo wa kulea mbu kwa lugha ambayo fundi yeyote ataielewa. Kwenye jalada ameandika jina lake kamili, kisha akalipigia mstari chini kwa rula.

Mwandishi anamuuliza, akifika kwenye taasisi hiyo kubwa, yenye mashine asizowahi kuziona, kitu gani atataka kujifunza kwanza.

Mama Mbu anafikiri. Anafuta miwani kwa pindo la koti, anaivaa.

"Mashine nitazoea," anasema. "Kwanza nitawauliza: hapa kwenu, mtu akikosea, anakwenda kumwambia nani? Wakinionyesha mlango, nitafurahi. Wakitazamana, nitajua kazi yangu inaanzia wapi."