Siku Tuliyolipiga Joka kwa Pamoja

Shangazi yangu alinizidi miaka michache tu, lakini kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti nzito ya kibibi, kisha akacheka. Alikuwa kitinda mimba kwao na baba. Alitoka Sengerema akaja kukaa kwetu Nyegezi mwaka niliomaliza darasa la saba, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na msichana mwingine, mchi wa pili ulikuwa wangu. Kila jioni tulitwanga udaga, ile mihogo mikavu ya unga, michi miwili kwenye kinu kimoja. Wake ukipanda, wangu unashuka. Mmoja akikosea zamu, michi inagongana na vidole vinakiona.

Huo ulikuwa wakati biashara zimefunguliwa na vitu vinamiminika mjini. Jirani yetu aliyekuwa akifuata mitumba Dar alirudi na televisheni na mashine ya gemu, akaviweka kwenye chumba kilichokuwa cha kinyozi. Nilipenda kukaa mle kwa sababu hakuna aliyenitaka niongee. Nilikuwa na aibu sana. Mgeni akiniuliza jina, nilitazama miguu yangu. Lakini nikishika ile pedi yenye vitufe, vidole vyangu havikuwa na aibu hata kidogo.

Gemu yetu ilikuwa ya safari. Mwenye upanga na mwenye fimbo walipita misituni na mapangoni, wakiua mazimwi, wakinunua dawa, wakizidi kupata nguvu. Maandishi yake yalikuwa kama njiti za kiberiti zilizomwagika, hakuna aliyeweza kuyasoma. Tulijifunza kwa kubonyeza na kufa. Mashine ilikumbuka tulipofikia, kwa hiyo tuliendelea wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi, shangazi na mimi.

"Upanga ni wangu," alisema siku ya kwanza. "Mkubwa hashiki fimbo."

Mwisho wa safari lilikaa joka lenye magamba meusi. Upanga uliligonga ukarudi. Moto wa fimbo ulilipitia kama moshi. Ila tulijua kitu kimoja. Siku moja, tukipigana na zimwi dogo tu, radi ilipasuka ziwani, tukashtuka wote na kubonyeza kitufe cha chini kwa pamoja. Mistari yetu ya nguvu, ile ya pembeni mwa kioo, ilikuwa imejaa. Wapiganaji wetu wakaruka juu, fimbo ikaingia ndani ya upanga, mwanga ukafunika kioo kizima, na zimwi likatoweka. Chumba kizima kilisimama. Tangu hapo tulilitafuta tena pigo hilo na hatukulipata.

Kisha asubuhi moja mwenye mashine akatuambia ameiuza. Mnunuzi anatoka Sengerema, anavuka na kivuko pale Busisi, na kabla ya mchana ataichukua. Shangazi aliacha vyombo kwenye karai, akaja mikono ikiwa na povu.

"Joka lenyewe je?"

"Litahamia Sengerema," akasema yule jirani. "Utalifuata kwenu."

Tukakimbilia kile chumba, tukaketi. Nikaikamata pedi yangu, yeye yake. Miezi yote ile ingefungwa kwenye boksi na kwenda kumalizwa na watu wasiojua hata tulipitia wapi.

Tulijaza nguvu. Shangazi akasema, "Sasa." Tukabonyeza. Upanga ukatoka peke yake, kisha moto wangu nyuma yake. Tukajaza tena. "Sasa." Safari hii mimi nilitangulia, yeye akafuata. Joka likatukung'uta, dawa zikaanza kuisha.

"Wewe umelala?" shangazi akaniuliza.

Nyuma yetu mvulana mmoja alicheka. "Hawajalala. Wanatwanga hao. Tazama, huyu anapanda, huyu anashuka."

Wote wakacheka, na mimi masikio yakawaka moto. Lakini alikuwa amesema kweli. Mikono yetu ilikuwa imezoea kinu. Kila mmoja alikuwa akimpisha mwenzake bila kujua.

Hapo mlango ukatiwa kivuli. Mwanamume mwenye kamba begani akasimama kizingitini. "Hodi. Nimefuata mashine."

"Karibu," shangazi akasema bila kugeuka. "Sogea kidogo, baba, unatuzibia mwanga."

Tulibaki na dawa moja. Nikaanza kuwaza ni kazi gani tunayoifanya wote kwa mpigo mmoja, na nikaiona: kamba ya kokoro. Kila Jumamosi tulikwenda ufukweni kuvuta wavu ule mrefu ili tupewe samaki. Mmoja huita, wengine huitika, na kila mwitikio ni mvuto. Hakuna anayempisha mtu pale.

Lakini lazima mtu aite. Mistari ilikuwa inajaa. Shangazi alikuwa ameuma mdomo, anakwepa moto wa joka. Nikafungua kinywa, na sauti iliyotoka sikuijua.

"Sangara yuko wapi?"

"Huyu!" Shangazi aliitika kabla hajafikiri. Mabega yake yakarudi nyuma kana kwamba ameshika kamba.

"Yuko wapi?"

"Huyu!" Sasa chumba kizima kiliitika. Wote walikuwa wavutaji wa kokoro. Mistari ikajaa.

"Yuko wapi?"

"Huyu!"

Vidole vikashuka pamoja. Wapiganaji wakaruka, fimbo ikaingia ndani ya upanga, mwanga ukameza kioo, kisha magamba meusi yakaanza kudondoka moja moja hadi joka likabaki vumbi. Watoto walirukiana. Mtu alinipiga mgongoni mara nyingi, na nilipogeuka nikaona ni yule mnunuzi.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaita?"

"Ndiyo, shikamoo," nikasema, na nilimtazama usoni.

"Marahaba." Akaweka kamba chini, akaketi kwenye benchi. Yale maandishi ya njiti yalikuwa yakipanda polepole kwenye kioo, na muziki unalia. "Acha yaishe kwanza," akasema. "Ndipo tufunge."

Tuliyatazama hadi ya mwisho, bila kuelewa hata moja.

Jioni tulikwenda kwenye kinu kama kawaida. Shangazi akainua mchi, nami nikainua wangu, tukashusha. Michi ikagongana kwa kishindo, unga ukaruka, kidole changu kikavimba palepale.

"Hapa ni kwa zamu, mpumbavu wewe," shangazi akasema, naye alikuwa ameshika chake, anacheka hadi machozi.