Sanduku la Jiko la Kijakazi

Wifi yangu Kijakazi alikuwa na wivu wa kumwonea hata paka aliyelala kwenye kiti cha mumewe. Sisemi kwa kumsengenya. Mumewe ni kaka yangu Uweso, na pale Ngamiani, mjini Tanga, vyumba vyetu vilipakana ukuta mmoja, kwa hiyo nikipenda nisipende nilisikia yote.

Mwaka wa hamsini na nne Uweso alipewa kuendesha gari la sinema la serikali, lile lililozunguka vijijini kuonyesha picha za kilimo na usafi. Nyuma lilikuwa na kitanda cha mbao na kabati, naye alilala humo humo siku nane, siku kumi, toka Tongoni mpaka Horohoro. Wanawake wa mtaani wakamwambia Kijakazi kwamba huyo si mume tena, ni mgeni. Yeye akawajibu kwa sanduku. Alinunua jiko la mafuta ya taa, lile la kupiga pampu, akalipanga pamoja na sufuria mbili, mwiko, chupa ya spiriti ya kuwashia, mchele, kunde, na bizari aliyoitwanga mwenyewe. Kila safari alilifunga kwa kamba huku akiniambia, "Hata akiwa Horohoro, wifi, anakula jikoni mwangu."

Safari ya tatu kaka alirudi nyusi zimeungua. Akasema ni injini, nasi tukampa pole.

Miezi miwili baadaye Kijakazi akaniita kwa sauti ya chini. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya sanduku, sufuria ameishika puani.

"Nusa."

Nikanusa. Tui la nazi.

"Nazi nilimpa mimi?"

Hakumpa. Wala mbuzi ya kukunia hakumpa, maana mwanamume gani wa Tanga atakaa juu ya mbuzi akune nazi, watu wanamwona? Kisha akaigeuza sufuria. Chini ya ukingo palibaki mstari wa majivu makavu. Sufuria hupakwa majivu kwa nje ikipikiwa kuni, masizi yasigande. Jiko la pampu halina haja hiyo. Na spiriti ilikuwa imejaa vile vile alivyoipakia.

"Dalili ya mvua ni mawingu," akasema. "Kuna mwanamke amekaa kitako mahali anamkunia nazi mume wangu."

"Labda alialikwa siku moja."

"Safari nne mfululizo, wifi? Mara nne nimeiosha sufuria hii nikanyamaza."

Hapo nikaona jinsi alivyokonda. Akaniambia waziwazi: akimkuta mke mwenza, anafunga nguo zake siku hiyo hiyo anarudi kwao Pangani. Nilimjua, angerudi kweli.

Uweso alipotaja kwamba safari ijayo ataanzia Moa, tukamwacha atangulie siku moja. Asubuhi yake tukapanda basi la Mombasa, tukashuka njia panda, tukashika njia kwa miguu. Kijakazi alitangulia, kanga ya pili ameifunga kiunoni kwa ajili ya ugomvi. Mimi nyuma nikiomba Mungu huyo mwanamke awe mbaya wa sura.

Gari tulilikuta limeegeshwa, halina mtu. Nyumba ya pili kutoka hapo, barazani, lilikuwa sanduku letu na kamba yake. Uani sufuria ya Kijakazi ilikuwa juu ya mafiga, imepakwa majivu, na juu ya mbuzi alikaa bibi wa miaka sabini au zaidi, hana jino hata moja.

"Shikamoo, bibi," nikawahi mimi.

"Marahaba, wanangu. Piteni."

Kijakazi hakuamkia. "Sufuria hiyo ya nani?"

"Ya dereva, mwanangu. Kila akija humpikia. Lile jiko lake lilimlipukia likamuunguza nyusi, tangu hapo haligusi. Ila msimseme, aona haya, dereva mzima kuogopa jiko."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kijakazi naye akacheka, akafungua kanga kiunoni, akampokea kazi Bi Sabiha, maana ndilo jina la bibi yule, akamalizia kukuna nazi. Nikajua yamekwisha.

Adhuhuri Uweso akaja, akatuona, akataka kurudi alikotoka. Bibi akamwita, tukakaa sinia moja. Wali ule, mimi nisidanganye, sijala mwingine mfano wake: punje mojamoja, tui limekolea, chumvi haikuzidi wala haikupungua. Kijakazi akatia tonge, akaacha kutafuna. Akatia la pili polepole. Mimi nikainamisha uso asinisome kitu.

Kaka yangu, masikini, kwa furaha ya kuona hapigiwi kelele, akasema, "Umeona, Kija? Wali ndio huu."

Kijakazi akanawa mikono.

Njiani tukirudi nikamkaripia. "Mshukuru Mungu, wifi! Bibi kizee yule, amchukue wapi mumeo?"

Akasimama katikati ya njia, machozi yanamtoka.

"Angekuwa mke mwenza, wifi, ningejua la kumfanya. Huyu nitamfanya nini, na mimi mwenyewe nilitaka aniongeze wali?"