Kinyozi Aliyetafuta Tarehe Safi

Térence ni kinyozi wa Base Camp, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na ana bahati ya kuwa na wasikilizaji wasioweza kuondoka. Ukishavikwa shuka na wembe uko shingoni, utaambiwa tarehe ya leo iliwahi kuleta nini duniani. Mambo hayo huyaokota redioni, na sijawahi kumbishia, kwa sababu ya wembe.

Taabu ilianza alipotaka kumwoa Pélagie, mjane kutoka Uvira anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Padri aliwaomba tarehe tu. Térence akaanza kutafuta siku safi, isiyowahi kuguswa na jambo. Mosi Julai? Burundi na Rwanda zilipata uhuru siku hiyo. Hakutaka kubanana na nchi mbili. Tarehe thelathini Juni ni ya Kongo, na bibi harusi angejiona yuko kwao mno. Ishirini na nane Julai ilianza vita kuu ya kwanza. Mosi Septemba, ya pili. Kalenda ikawa inamwishia huku bado anachagua.

Hapo Sonia, dada yake Pélagie, akapata meza katika soko la Mbarara, akamwita wakauze pamoja. Asubuhi moja Pélagie akaja akasimama mlangoni kwa kinyozi, sisi wateja tukiwa kwenye benchi.

"Papa Térence, Jumapili padri atangaze ndoa, ao mimi nipande gari ya Mbarara. Harusi ni tarehe kumi na tano Aprili. Nimeshachagua."

Térence akashusha wembe. "Mama, siku hiyo ndiyo Titanic ilizama. Meli nzima."

"Siye tutaenda kanisani na miguu."

Benchi likacheka. Térence hakucheka. "Miye nasema tu, Mama."

"Unasema, ndiyo. Batu wanakufa kila siku, na kila siku batu wanaoana. Iyo ya kuoana, haujatuambia hata mara moja."

Akaenda zake sokoni. Térence akamalizia kichwa kilichokuwa mbele yake, haraka kuliko kilivyostahili, akashika njia ya parokia. Nikamsindikiza, kwa kisingizio cha urafiki.

Padri, ambaye naye hunyolewa na Térence, aliisikia tarehe, akaegemea kiti.

"Kumi na tano Aprili. Haya, kulitokea nini?"

"Nitaoa, Padri."

Padri alikaa kidogo na kalamu mkononi, akingoja nyongeza. Haikuja, akaandika.