Mwanasesere Ndani ya Mboni

Baba yangu ni fundi miwani, na ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kutaja neno la Kiingereza bila kulichimba mpaka mizizi. Mteja akileta miwani iliyolegea mguu, haondoki hivihivi. Ataambiwa kwamba window limetoka kwa watu wa kale wa kaskazini, waliokuwa wakiliita dirisha jicho la upepo, na kwamba respect, ile heshima, kwa Kilatini ilikuwa kutazama tena. Wateja huitikia kwa adabu, macho yakiwa mlangoni. Mimi nakaa kaunta, na hadithi zote hizo nimezihifadhi kichwani.

Mtu mmoja tu alimshinda: Mama. Yeye ni mshonaji, na cherehani yake iko chumba cha nyuma ya duka. Uzi ulikuwa umeanza kumpiga chenga. Sindano aliitunga kwa kubahatisha, mishono ikaenda upogo, na juzi gauni la bibi harusi likarudishwa kwa sababu mkono mmoja umeshonwa nje ndani. Akaifunika cherehani kwa shuka, akasema ushonaji basi. Kuhusu miwani, hakutaka hata kusikia.

"Nivae vigae usoni nionekane ajuza? Thubutu!"

Nilikasirika. Nusu ya mtaa inaona kwa kazi ya Baba, halafu mkewe aiache kazi anayoipenda kwa ubishi tu! Baba hakubishana. Alichukua rula na fremu ya kupimia, ile nzito ya kubadilishia lenzi, akaingia chumba cha nyuma, nami nikamfuata, akaketi mbele ya Mama goti kwa goti. Ndivyo anavyompima kila mtu, maana umbali wa mboni hadi mboni haupimwi bila kutazamana.

"Mama watoto, unajua mboni kwa Kiingereza ni pupil?"

"Haya, yameanza."

"Kwa Kilatini maana yake mwanasesere. Ukimtazama mtu kwa karibu, unaona kijitu ndani ya jicho lake, nacho ni wewe mwenyewe. Hebu mtafute wako humu kwangu."

Mama akakodoa. "Sioni kitu. Ukungu mtupu."

Baba akamvika fremu. Akatia lenzi, akaitoa, akatia nyingine. Mama akasogea mpaka pua zao zikakaribia kugusana, nami kwa haya nikajitia kuokota vifungo sakafuni.

"Namwona," akasema. "Jamani, kazeeka! Kichwa chote cheupe. Siku zote wewe unamwona hivi?"

"Kila siku. Na kila siku namtazama tena."

Mama alimpiga kikofi begani, lakini sauti yake ilikuwa imelowa machozi. Nilifurahi mpaka vifungo vikanidondoka. Baba aliponyoosha mkono kuivua fremu, Mama akaudaka.

"Niachie kwanza. Sijamaliza kukutazama."

Kisha, bila kugeuka, akaniambia niitoe shuka kwenye cherehani na nimletee lile gauni.