Pumzi ya Mkata Bitana

Tarehe 9 Machi 2011, siku ya Jumatano, kabla jua halijapanda juu ya matangi ya maji, mwanamke mmoja alianguka chali kwenye nyasi za bustani ya umma akiwa ameinua mikono yote miwili. Jambo hilo limethibitishwa na mashahidi watatu ambao kwa mengine yote hawapatani: wifi yake, mlinzi wa lango, na mwalimu wa mazoezi aliyemwambia ainue mikono hiyo.

Alikuwa mkata nguo katika karakana ya ushonaji iliyokuwa ng'ambo ya barabara, na watu wa pale walimwita Bi Mkasi. Hawakumwita hivyo kwa ukali wa ulimi. Ulimi mkali ulikuwa wa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyeshona mikono ya makoti kwenye cherehani ya karibu na mlango na kuishi naye nyumba moja. Bi Mkasi alikata bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, chepesi kama ganda la ndani la kitunguu, ambacho huteleza ukikitazama tu. Khaki humsamehe mkataji. Bitana haisamehe.

Kwa sababu hiyo karakana ilikuwa na desturi yake. Bi Mkasi akishatandaza matabaka ya bitana, akishalaza karatasi ya kipimo juu yake na kuikandamiza kwa vipande vya chuma, aliita neno moja: "Upepo!" Hapo feni ilizimwa, mlango ukafungwa, na aliyekuwa akipita akasimama papo hapo hata kama amebeba pasi ya moto. Cherehani ziliendelea, lakini hakuna aliyethubutu kupiga chafya. Yeye mwenyewe alifumba mdomo, na mkasi ukaondoka ukingo mmoja hadi mwingine bila kusita. Bitana ya juu ikiinuka hata kidogo kwa pumzi ya mtu, mkasi huuma mkunjo, na kazi yote imekwenda na maji.

Alifundishwa na mama yake mdogo, aliyeishika meza ile kabla yake. Mafunzo yenyewe hayakuwa na maneno mengi. Binti alisimamishwa mezani, na uzi mmoja ukaning'inizwa mbele ya midomo yake. Uzi ukitikisika wakati mkasi unatembea, rula ilishuka vidoleni. "Bitana haitaki kujua kama uko hai," mama mdogo alizoea kusema. Binti akajifunza kukata kana kwamba hayuko. Akawa hodari, akaachiwa meza, akazeeka nayo.

Shida ilimjia kwa kunyata. Kwanza alishindwa kuketi. Chakula alikila amesimama, sahani mkononi, akitembea kutoka jikoni hadi mlangoni na kurudi. Taulo zilizokwisha kukunjwa alizikunjua, akazikunja upya. Alifungua dirisha, akalifunga, akasahau kwa nini amelifunga, akalifungua tena. Kifua alikihisi kama kimekazwa mkanda. Daktari aliupima moyo wake, akaukuta mzima. "Una wasiwasi," akamwambia, habari ambayo mgonjwa alikuwa nayo tangu kabla ya kupanga foleni.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Bitana ya kwanza ilipoharibika, msimamizi wa karakana alijifanya hakuona. Ya pili ilipoharibika, alimwita kando, karibu na rafu ya vifungo.

"Dada, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini ikitokea tena, meza nampa mwingine. Usinilazimishe."

Jioni ile Bi Mkasi alizunguka chumba mpaka wifi yake akaweka mikono masikioni.

"Wifi, kaa chini! Unanipa kizunguzungu."

"Nikae vipi? Watu hawanijui mimi, wanaijua meza. Wakiniondoa pale, nitakuwa nani?"

"Utakuwa wifi yangu. Hiyo nayo haitoshi?" Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Kesho asubuhi unakuja nami bustanini. Na usiniulize maswali."

Nyuma ya matangi ya maji palikuwa na kijito kilichopita katikati ya mikaratusi. Hapo, kila asubuhi, watu wa rika mbalimbali walivua viatu, wakasimama kwenye umande, wakainua na kushusha mikono polepole. Aliyewaongoza alikuwa mtaalamu wa viungo, mstaafu wa hospitali, aliyeitwa Bwana Taratibu kwa kuwa hata salamu yake ilichelewa kuisha. Yeye alifundisha kwamba mwili una nguvu inayotembea ndani yake kama maji ya kijito, na kwamba mtu akisimama vizuri, akapumua, akaacha macho yake yapumzike kwenye majani, ataihisi ikifika viganjani kama joto. Baadhi ya waliohudhuria waliamini kila neno. Wengine walisema wao wamefuata hewa tu.

"Shikeni mpira usioonekana," aliwaambia asubuhi ile. "Uko kati ya viganja vyenu. Uinueni taratibu."

"Mpira wenyewe una ukubwa gani?" Bi Mkasi akauliza.

"Wowote unaoupenda, mama."

"Wowote si kipimo."

Watu wakacheka, naye akajikatia mpira wake kwa macho, akauinua kwa makini yote aliyokuwa nayo, hadi usawa wa kifua, hadi usawa wa uso, juu ya kichwa. Hapo ndipo alipoanguka.

Alipofumbua macho, Bwana Taratibu alikuwa amepiga magoti kando yake. "Mama, ulipokuwa unainua mikono, ulikuwa unapumua?"

"Kwani nimekufa?"

"Bado. Lakini ulikuwa unajitahidi."

Wifi alicheka mpaka akaushika mti. Bwana Taratibu hakucheka. Alimwomba Bi Mkasi aokote jani moja kavu lililokuwa karibu na goti lake. Akaliokota. "Umefunga pumzi," alisema. Akamwomba aokote jingine. "Umefunga tena." Alimwangalia akivaa kiatu, akipangusa nyasi kwenye kitenge chake, akirekebisha kilemba. Kila mkono ulipoanza safari, kifua kilisimama, kama kila aliyekuwa akipita karakanani alivyosimama kwenye neno "Upepo!" Ila huku hakukuwa na aliyeita.

Bi Mkasi akamsimulia habari za uzi.

Bwana Taratibu hakumtolea hotuba. Alichuma bua refu la nyasi lenye kishungi laini nchani, akalishika mbele ya midomo ya Bi Mkasi. "Basi leo utufanyie hisani moja," akasema. "Litikise. Huku mkono wako ukitembea."

Haikuwa kazi ndogo. Alipojaribu kutoa pumzi na kuinua mkono kwa pamoja, vidole vilijikunja vyenyewe, vikiingoja rula. Kishungi kilipotikisika hatimaye, aligeuka haraka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu ila mlinzi wa lango, aliyekuwa akipiga miayo.

Majuma yakapita. Alifika bustanini kabla ya wengine, na kwa kuwa hakuweza kusimama tu, Bwana Taratibu alimwacha auzunguke mkaratusi hadi miguu ichoke kubishana. Alimtembeza kandokando ya kijito, mkono ukienda na maji, pumzi ikienda na mkono. Bi Mkasi alilalamika kwamba nyasi ni baridi, kwamba ndege wa huko wana kelele, kwamba angekuwa amekwisha kupiga pasi mashuka yote ya nyumba. Lakini alirudi. Asubuhi moja akasimama katikati ya zoezi.

"Nahisi joto," alisema.

"Ni jua hilo," wifi akajibu.

"Jua liko mgongoni, wifi. Mimi nasema viganjani."

Jumapili iliyofuata alikula ameketi. Wifi aliweka kijiko chini, akamtazama kana kwamba paa limetabasamu. "Nimwite mpiga picha?" akauliza. Mikono ilikuwa imetulia. Kifua kilikuwa kimelegea. Na karakana ilikuwa imepokea oda ya makoti mepesi, yenye bitana nyembamba kuliko zote zilizowahi kulala juu ya meza ile. Bi Mkasi aliisubiri kama watu wanavyomsubiri bibi harusi.

"Upepo!" aliita.

Feni ikanyamaza. Mlango ukafungwa. Mkono ulikwenda bila kutetemeka hata chembe, mzuri kama zamani, na msimamizi, aliyekuwa amejibanza nyuma ya rafu, akashusha mabega. Kisha, mkasi ulipofika kwenye mzingo wa kwapa, Bi Mkasi akapumua. Hakukusudia. Mkono ulitembea, na pumzi ikatoka, kama ilivyofundishwa kijitoni. Ukingo wa bitana ya juu ukapepea, ukajikunja, na mkasi ukauuma.

Wifi aliguna kutoka kwenye cherehani yake: "Mkono umepona, sasa mdomo ndio mgonjwa."

Msimamizi alimwachia nafasi ya mwisho, labda kwa aibu ya kuwa alikuwa ametazama kwa kujificha. Bi Mkasi akahangaika huku na huku kutafuta njia. Alijifunga leso mdomoni, lakini alipoihisi kwenye midomo, pumzi yenyewe ilidhani imeambiwa inyamaze, ikanyamaza. Alijaribu kufunga pumzi kwa mkato mmoja tu, kisha kuifungua. Mkato ulitoka safi kama maji. Pumzi haikufunguka. Jioni alikuwa tena njiani kati ya jikoni na mlango, sahani mkononi, mpaka wifi akaweka kiti katikati ya njia na kukikalia.

"Mlango wa pumzi ukishafungwa mara moja, ndiyo basi hadi kesho yake," alimweleza Bwana Taratibu asubuhi. "Wengine wanaweza kuufunga na kuufungua. Mimi bawaba zangu zimeshika kutu."

"Mimi najua mwili, mama. Kitambaa sikijui," akajibu. "Ungependa nikuambie nini?"

"Niambie nibaki mezani."

Hakumwambia. Aliinua mikono, na wengine wakainua. Bi Mkasi aliinua pia, akashusha, akainua. Kisha akaacha zoezi katikati, akavuka barabara, viatu mkononi, miguu imejaa umande na majani, akaingia moja kwa moja kwa msimamizi.

"Meza ya bitana mpe wifi yangu," alisema. "Mimi nipe turubai na khaki, kule dirishani."

Msimamizi aliitazama miguu yake. "Wifi yako? Yule kasuku?"

"Kasuku anapumua."

"Na atajifunza lini? Oda inasubiri."

"Nitamfundisha mwenyewe. Ila kwa masharti yangu. Hakuna uzi, hakuna rula. Atakata kipande kifupi, atasimama, atageuza uso pembeni, atapumua, ndipo aendelee."

"Tutachelewa, dada."

"Mtachelewa. Ama hivyo, ama tafuta mwalimu mwingine." Alikuwa akitembea tayari, kutoka rafu ya vifungo hadi mlangoni na kurudi, na msimamizi aligeuza kichwa kumfuata hadi shingo ikachoka. Akakubali.

Wifi alipoitwa mezani, jambo la kwanza aliloliuliza lilikuwa, "Uzi uko wapi?" Habari za uzi ule zilikuwa zimekwisha kuijaza karakana nzima.

"Hakuna uzi. Shika mkasi."

"Wifi, mimi nikiharibu hii, nitakusingizia wewe."

"Nisingizie. Ita."

"Upepo!" wifi akaita, kwa sauti iliyotosha kuzima feni bila kuigusa.

"Kata hadi kwenye chaki. Simama hapo. Geuza uso. Pumua."

Wifi alipumua kama birika linalochemka, cherehani ya jirani ikasita, mtu akacheka. Bitana haikutikisika. Alikata tena, akasimama tena, akachemka tena. Msimamizi aliangalia saa ya ukutani, akaangalia dari. Ilikuwa kazi ya polepole mno. Bi Mkasi alisimama kando, vidole vyake vikikatakata hewani bila yeye kujua, na mara mbili alinyoosha mkono kuuchukua mkasi. Mara mbili aliurudisha. Mzingo wa kwapa ulipokamilika bila doa, alikwenda dirishani bila kusema kitu, kwa kuwa alijua sifa ingemfanya wifi aongee hadi jioni.

Turubai ni kitambaa kigumu, kinachoumiza dole gumba. Alikikata pumzi ikiingia na kutoka anavyotaka, dirisha wazi, harufu ya mikaratusi ikivuka barabara. Lakini macho yake hayakutulia. Kila "Upepo!" ilipoitwa, kichwa kiligeuka kuelekea meza ya zamani, na mguu mmoja ukaanza kuondoka. Alikuwa akiurudisha. Alikula ameketi siku nyingi, si siku zote, na asubuhi aliendelea kwenda bustanini kuuzunguka mti kabla ya kusimama.

Kilichompa nafuu hakijulikani: huenda ni mazoezi, au miti na kijito, au kule kuiacha bitana tu. Yeye mwenyewe alitoa majibu tofauti kwa nyakati tofauti. Na kuhusu mama yake mdogo, yanayokumbukwa ni kwamba naye alikuwa akila amesimama, na kwamba kila jioni aliuzunguka ua wa nyumba mpaka giza likaingia. Kama alikuwa na mkanda uleule kifuani, na kama naye aliwahi kuning'iniziwa uzi na mtu aliyemtangulia, hakuna aliyemuuliza alipokuwa hai, na hakuna aliyebaki wa kuulizwa.