Kona Isiyo na Taulo

Kwa miaka kumi na mmoja Alphonse Akonkwa alimfuta Ramazani jasho kwa shati. Si kwamba taulo zilikosekana Bukavu. Soko la Kadutu lina taulo za kila rangi, na Alphonse mwenyewe ni fundi cherehani, angeweza kumshonea bondia wake taulo yenye jina lake pembeni. Ilikuwa ahadi tu, na ahadi yenyewe ilizaliwa na jina la utani.

Ramazani zamani aliitwa Ciment, yaani saruji. Akisimama katikati ya ulingo humsogezi. Kisha Jumapili moja akakutana na mtu wa Uvira aliyekuwa na mkono wa kushoto kama nyundo. Katika raundi ya tano nyusi ya Ramazani ilipasuka, damu ikamfunga jicho, akawa anapiga hewa. Alphonse, mwalimu wake, alitupa taulo nyeupe ulingoni, mwamuzi akasimamisha pambano. Ndiyo sheria ya mchezo huo dunia nzima: anayeshika taulo ameshika uhai wa mtu. Daktari alimpa Alphonse mkono siku ile, akamwambia amefanya vizuri.

Lakini Kadutu haikumpa mkono. Kesho yake watoto walimfuata Ramazani barabarani wakiimba, "Serviette! Serviette!" Maana huko Bukavu taulo ni serviette. Wanawake wa sokoni walikunjua taulo zao akipita, wakamwuliza atachukua ipi. Yasmine, mke wake, alipokwenda bombani aliitwa Mama Serviette, akarudi na ndoo tupu. Watu wetu ni wema sana kwenye msiba, lakini wakipata jina la kumpa mtu, hata mamba ana huruma kuliko wao.

Baada ya siku kumi za kujifungia ndani, Ramazani alifika kwenye karakana ya Alphonse. Akakataa kiti.

"Papa Alphonse, kuanguka haina haya. Mutu anaanguka, analamuka. Lakini ile kintu ulitupa, batoto yangu banaisikia kila siku ku masomo. Usirudie tena. Ata nikikufa, usirudie."

"Mutoto yangu, ile jicho ingetoboka."

"Itoboke. Sema mbele ya Mungu: serviette, plus jamais."

Alphonse, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume na alikuwa amemlea kijana huyo tangu akiwa na miaka kumi na sita, aliinua mkono juu ya cherehani. "Plus jamais," akasema, kamwe tena.

Ahadi ni deni. Tangu siku hiyo Alphonse alikwenda ulingoni na ndoo, sifongo, chupa ya maji na shati kuukuu la kufutia. Watu waliona, wakauliza, wakaelezwa, na ile aibu ikageuka sifa. "Kona ya Alphonse haina serviette!" walipiga kelele, na Ramazani akashinda mapambano saba mfululizo, akawa Ciment tena. Nami nisimfiche mzee: sifa ile aliipenda. Alitembea nayo kifua mbele. Alipoulizwa kama haogopi, alicheka, akasema bondia wake si nguo ya kuanikwa.

Miaka haichekwi, lakini. Ramazani alipata kazi ya ulinzi kwenye ghala moja kule Nyalukemba, akahamia huko na familia. Akazeeka kama wanavyozeeka mabondia, kuanzia ndani. Alianza kutia sukari kwenye chai, akakoroga, akatia tena, akakoroga, akatia tena. Alimwita binti yake Mapendo kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekwisha kufa. Mara mbili alitoka mazoezini akashika njia ya Kadutu, kwenye nyumba aliyohama miaka sita iliyopita, na Alphonse akamkimbilia, akamgeuza kwa kumshika bega, wakacheka wote wawili. Alphonse aliyaona yote hayo. Aliyaita uchovu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa mficha maradhi hakuwa mgonjwa peke yake.

Mapambano ya kuaga yakaanza. La kwanza lilikuwa la kuaga kweli, watu walilia. La pili lilikuwa la kuwaaga ambao hawakufika la kwanza. Alikuwa kama mgeni asiyetoka mlangoni. Steve, kijana mwandaaji wa mapambano, ndiye aliyekuja kuomba la nne, ukumbi usibaki mtupu.

"Papa, bila Ciment salle haijae. Combat ya raundi sita tu. Huyu Josué ni mutoto ya Bunyakiri, haina jina bado."

Josué alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ramazani alikuwa na arobaini na mitano. Waandaaji walikuwa na kanuni yao: aliyepita arobaini hapandi ulingoni mpaka achunguzwe kichwa, na kuchunguzwa kichwa ni safari na gharama. Lakini kadi ya mpiga kura ya Ramazani ilisema thelathini na minane. Siku ya kuandikishwa mwandishi alidai shahidi wa kuzaliwa, na shahidi alikuwa Alphonse. "Nilimuona anazaliwa," alisema siku hiyo bila kupepesa macho, yeye aliyeshuka Bukavu kutoka Walungu wakati Ramazani anasoma darasa la tatu. Walipunguza miaka saba kwa sentensi moja. Basi daktari wa pambano akasoma kadi, akapima presha, akamulika macho, akauliza kama analala vizuri, akaandika neno moja: *apte*. Anafaa.

Jumapili ya pambano, Ramazani aliacha begi lake karakanani, akaenda kuswali adhuhuri. Alphonse alilifungua kukagua vifaa, kama kawaida yake. Viatu vilikuwepo, bendeji zilikuwepo, kinga ya meno, kaptura nyekundu aliyoishona mwenyewe. Chini kabisa, imekunjwa mara nne, ilikuwepo taulo nyeupe inayonukia sabuni.

Alikaa akiitazama. Kwanza alikasirika. Halafu akamwonea huruma Yasmine, maana nani mwingine angeiweka? Mwanamke ana hofu yake, akawaza, amesahau taulo ilimgharimu mume wake nini. Ramazani akiiona kabla ya kupanda ulingoni atavunjika moyo. Basi akaitoa haraka, akaificha kwenye rafu chini ya vitambaa visivyoshonwa, akafunga begi. Ramazani aliporudi hakulifungua. Alilitundika begani, wakateremka.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Ngoma zilikuwepo, vuvuzela zilikuwepo, na akina mama wa Nyalukemba walikuja na vitenge vya kumtandikia jirani yao. Raundi ya kwanza Ramazani alisimama vizuri. Ya pili alisimama. Ya tatu miguu ilikuwa hapo, mikono ikawa inafika baada ya kuitwa mara mbili. Kijana hakuwa mbaya; alipiga alichoambiwa apige, na alichoambiwa ni kichwa.

Kengele ilipolia, Ramazani alikaa kwenye kigoda. Alphonse akamtoa kinga ya meno, akamfuta kwa shati. Ramazani akamshika mkono.

"Papa," akasema polepole, "uko na serviette?"

Moyo wa Alphonse ulijaa. Miaka kumi na mmoja, na mwanawe bado ana wasiwasi ule ule! Akainama sikioni kwake. "Siko nayo, mutoto yangu. Usiogope. Si nilikuahidi?"

Ramazani alimtazama. Alimtazama muda mrefu kuliko mapumziko yanavyoruhusu, kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa mji mwingine. Kisha akafungua kinywa apokee kinga ya meno, akasimama.

Katika raundi ya nne alirudishwa kwenye kamba, akajitoa, akarusha konde moja la zamani, la Ciment mwenyewe, likampata Josué shavuni. Ukumbi ulilipuka. Vitenge vikarushwa ulingoni, kofia, mashati, kama desturi ilivyo kwa mtu anayependwa. Wakati wote wanashangilia, Alphonse peke yake aliona kwamba baada ya konde lile mikono ilishuka, na haikupanda tena. Ramazani alisimama ameielekea kona, si adui. Alikuwa anaitazama kona.

Alphonse alisahau ahadi. Alitafuta taulo, akakumbuka rafu. Basi akalitupa lile shati, kwa nguvu zote za mkono wake wa kushonea, likaanguka karibu na mguu wa mwamuzi. Lilianguka juu ya kitenge cha njano, kando ya mashati mengine mawili. Mwamuzi akalisukuma pamoja na vitenge kwa ncha ya kiatu ili wapiganaji wasiteleze, akawapa ishara waendelee.

"Arrêtez! Simamisha!" Alphonse alipiga kelele, na waliokuwa karibu wakaitikia, "Simama, Ciment! Simama!" wakidhani anamtia moyo. Akapanda kamba. Ana miaka sitini na miwili, mguu ukanasa. Alipopata kuutoa, makonde matatu yalikuwa yamekwisha kupita, na Ramazani alikuwa chini, jicho moja wazi.

Hakufa. Alilala hospitalini majuma matano, na aliporudi nyumbani upande wa kulia wa mwili wake haukurudi naye, wala maneno hayakurudi.

Waandaaji waliitisha kikao. Steve alisema hawezi kumpandisha mtu bila saini ya daktari, na saini ilikuwepo. Daktari alisema aliletewa mtu wa miaka thelathini na minane. Mwamuzi, mtu mwenye heshima zake, alikuwa analia. "Miye nilikuwa naangalia serviette," alisema. "Kila wakati nilikuwa naangalia kona. Serviette sikuiona."

Alphonse alisimama. "Miaka, ni miye nilidanganya. Serviette, ni miye sikui—"

"Ikala, Papa," wakamkatiza, wakimketisha. "Usijishitaki bure. Ni accident." Wakaandika karatasi yenye neno hilo, ajali, wote wakatia saini. Penye wazee haliharibiki neno, watu husema. Siku ile ukumbini mzee alikuwepo. Alikuwa kwenye kona, na shati mkononi.

Sasa kila asubuhi Alphonse hupanda Nyalukemba kabla ya kufungua karakana. Humkuta Ramazani uani kwenye kiti cha plastiki, ameshaoshwa. Humnyoosha vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja, humfuta mate yanayoteremka, humweleza habari za mtaa. Miezi miwili alikwenda hivyo, na ile taulo ikiwa bado kwenye rafu yake. Kila akivuta kitambaa aliiona pembe yake nyeupe. Mwishowe akaona afadhali aombe msamaha kwa mwenye taulo. Akaifunga gazetini, akampelekea Yasmine pale uani.

"Mama, hii serviette ni yako. Ile siku niliitosha mu sac ya Ramazani, nikaificha. Nilisema mama iko na woga tu. Kumbe wewe njo ulikuwa na akili kutushinda. Unisamehe."

Yasmine alilifungua gazeti. Aliigeuza taulo upande huu na upande ule.

"Haiko yangu, Papa Alphonse. Miye sikutia kitu mu sac."

"Basi nani?"

"Njo yeye." Alimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Aliinunua mwenyewe, akaifua mwenyewe. Asubui ile aliniambia: mikono yangu inakawia siku hizi, Yasmine. Sitaweza kumuambia Papa, atasikia haya. Lakini nikichoka nitamuuliza kama iko nayo, atajua. Nikamuuliza, na ile jina, utaiweza? Akacheka. Akasema, baniite Serviette mpaka bachoke, bora niwe ninasikia."

Alphonse akalikumbuka swali la kwenye kigoda. Neno lile alilisikia upya, kwa sauti ile ile iliyochoka: *Papa, uko na serviette?* Akasikia na jibu lake mwenyewe, jibu la baba mwenye fahari. Akalia waziwazi, mzee mzima, mbele ya watoto wa Ramazani.

Ramazani aliona kitu cheupe mikononi mwa mkewe. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule unaomsikia bado, na Yasmine akampa, akidhani anataka kujifuta. Aliishika taulo kidogo. Kisha akaitupa, ikaanguka vumbini mbele ya miguu ya Alphonse, akainua uso kumtazama, akangoja.